Grenda ya Kuwekesha

Kabla kifundo cha mkono wake wa kulia hakijaharibika, Zefania Mbwambo alikata chuma kwa msumeno wa mkono na hakuona sababu ya kutamani kitu kingine. Alidondosha oili kidogo pale pa kukatia, akavuta msumeno bila haraka, akausikiliza. Ukianza kulia vibaya alisimama, akabadili pembe, akaendelea. Nimekaa naye uani kwake Kisiwani mara nyingi, nikisoma gazeti la mwezi uliopita huku yeye akikata, na sikumbuki msumeno kuvunjikia mkononi mwake.

Ufundi huo aliupata kwenye gereji ya shamba la mkonge huko tambarare, enzi ambazo mkonge bado ulilisha watu. Walikuwapo Waha, Wabena, Wamakonde, Wanyakyusa, kila mmoja amekuja na lugha yake, wote wakielewana kwa Kiswahili cha kazini. Fundi aliyemlea alikuwa Muha mmoja mkali, aliyemkataza kugusa spana mwaka mzima wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli na kuvipanga juu ya gunia kwa utaratibu uleule vilivyotoka ndani ya gari, ili siku ya kuvirudisha asiulize mtu. Siku hizi kijana analala chini ya gari la watu majuma mawili, kisha anachora ubao: FUNDI WA MAGARI YA AINA ZOTE.

Siku moja jeki iliteleza, ekseli ikamshukia kifundoni. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande. Spana aliiweza, nyundo aliiweza kwa kujilazimisha. Ile kazi ya kupeleka na kurudisha mkono, ambayo ndiyo inayotakiwa na msumeno, haikuwezekana tena. Haukupita muda shamba likaanza kupunguza watu. Bei ya mkonge imeanguka, walisema, dunia inataka nailoni. Waliopunguzwa mwanzo ni wenye viungo vibovu. Akarudi nyumbani kwa mkewe Ernesta akiwa na sanduku la spana na kifundo kisichokunjika.

Nyumbani nako tulikuwa na mgonjwa wetu, chama cha ushirika. Nilikuwa katibu wake tangu kilipoanzishwa hadi kilipozikwa, kwa hiyo naandika ninachokijua. Miaka ya shida tulivumilia pamoja. Duka la chama lilikuwa na chumvi na vumbi, wake zetu walifulia majani ya mpapai, na bado mahindi yetu yalipakiwa kwenye gari letu wenyewe, likaenda mnadani likiwa na jina letu mlangoni. Kisha ikaja ruksa ya serikali, kila mtu auze na kununua apendavyo. Sabuni zikarudi, za rangi zote, na mitumba, na redio. Kila mtu akawa mfanyabiashara, na chama kikafa bila hata mtu wa kukifumba macho. Kilichobaki ni ghala lenye popo, na nyuma yake landrova imesimama juu ya mawe.

Ni Zefania aliyekuja kuniambia kwamba injini ya landrova ile ilikuwa nzima.

"Nimeizungusha kwa mkono, Katibu. Inapumua. Kilichooza ni chesisi tu, pale panapopita fito mbili za kati. Nikizikata na kuweka mpya, gari linasimama."

Niliitisha wanachama waliobaki. Kwetu Upare tuna desturi ya kuwekesha ng'ombe, na hata mgeni anaweza kuielewa. Mtu mwenye ng'ombe na asiye na malisho humpeleka kwa mwenzake. Anayefuga hunywa maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mfugaji humletea mwenyewe ngozi, ili ijulikane kwamba amekufa kweli, hakuuzwa wala kuliwa kwa siri. Asiyeleta ngozi hulipa ng'ombe mzima. Hakuna hati. Kuna shahidi mmoja, na aibu. Basi tukakubaliana kumwekesha Zefania landrova. Alitengeneze, aliendeshe, abebe mizigo ya watu hadi Same; kipato ndiyo maziwa yake, gari libaki la chama.

Aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji siku hizo, Gregori, muuza mitumba wa Hedaru, aliongeza sharti.

"Mimi sipingi, wazee. Ila wanunuzi wa vyuma chakavu wamefika hadi Hedaru. Likiwa halijatembea hadi mavuno ya masika, tunaliuza kwa kilo. Gari si kaburi la kuwekea maua."

Watu walicheka, wakaunga mkono. Zefania hakucheka. Mwanamume aliyekwisha pewa barua ya kupunguzwa anajua maana ya kupewa muda.

Kwa kifundo kile, chesisi isingekatika bila mashine. Zefania akaamua kumuuza fahali wake ili anunue grenda ya umeme. Ernesta alimsindikiza fahali hadi barabarani, akarudi akiwa ameshika kamba tupu.

"Umeuza kinachokula majani," alimwambia mumewe, "unakwenda kununua kinachokula umeme. Majani tunayo. Umeme tunao?"

"Nguzo zinakuja. Zimesemwa kwenye mkutano."

"Kwenye mkutano hata mimi nimesemwa nitachimbiwa kisima."

Nilikwenda naye Same kununua, kwa sababu vibati vya mashine huandikwa Kiingereza. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, kwa hiyo maneno yanayoanza kwa herufi za mwisho sijui hadi leo, lakini hayakuwahi kunipungukia sana.

Dukani tulikuta vitu ambavyo miaka michache nyuma tungedhani ni vya ndotoni. Kijana muuzaji alitupangia mezani mashine ya kufungulia nati, dirili, na grenda mpya ya rangi ya chungwa inayong'aa kama tunda.

"Shikamoo wazee. Fundi wa kisasa anachukua zote tatu."

"Marahaba. Nati nafungua kwa bomba," Zefania alimwambia. "Naivika spana bomba refu, nakanyaga, inaachia yenyewe. Kutoboa, ninayo dirili ya mkono, mke wangu anazungusha. Nisichoweza ni kukata. Nipe cha kukatia tu."

"Basi chukua hii. Nyepesi, haichoshi."

Zefania aliibeba kwa mkono wa kushoto, akairudisha. Akaonyesha chini ya meza, ambako ilikuwapo grenda ya kijani, kuukuu, nzito kama kinu, iliyotoka kwenye mnada wa mkandarasi wa barabara.

"Ile?"

"Ah, mzee, ile itakukata bega."

"Nyepesi inarukaruka juu ya chuma, na kuizuia ni kazi ya mkono wangu. Nzito inajikalia yenyewe."

Alishika ncha ya ekseli ya ile kuukuu akaitikisa aone kama inacheza. Akaizungusha kwa kidole. Akaleta pua kwenye matundu ya kupozea akanusa, kwa sababu mashine iliyowahi kuungua koili hunuka kwa miaka. Mwisho akatafuta ubavuni vifuniko viwili vidogo vya kaboni, zile zinazopeleka umeme ndani na kulika kadiri mashine inavyofanya kazi.

"Hizi zikiisha nabadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Yako mpya mmeifunga kama jeneza."

"Yangu ina garantii, mzee."

"Anayeitimiza garantii yuko wapi?"

"Dar."

"Basi nayo itakwenda kuugulia Dar."

Kijana alicheka mwenyewe. Zefania akaomba kitu kimoja zaidi: zijaribiwe jioni, wakati taa za mji mzima zimewashwa na umeme umelegea. Tulisubiri nje tukila mahindi ya kuchoma. Jioni ilipofika, grenda mpya iliunguruma isigeuke. Ile kuukuu ilianza polepole, kama mzee anayenyanyuka kitini, kisha ikashika mwendo. Akainunua, pamoja na diski za kukatia na kaboni za akiba, na akadai irudishiwe kinga yake ya bati iliyokuwa imetupwa kwenye boksi la misumari.

Hadi hapo hakukosea chochote. Naliandika hili kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba alichagua vibaya. Alichagua mashine bora kuliko zote zilizokuwa Same siku ile.

Pa kuichomeka ndipo palipokosekana. Binamu yake, Rogathe, mtoto wa mjomba wake, alikuwa na nyumba Same karibu na barabara kuu, yenye umeme na ua mpana. Zefania alimpelekea grenda, na mimi nikiwa shahidi akasema maneno yaleyale ambayo baba zetu walisema juu ya ng'ombe.

"Binamu, huyu ni wangu. Nakuwekesha. Ukiwa na cha kukata, kata. Hayo ndiyo maziwa yako. Mimi nitakuja kila Jumapili na kazi yangu. Akifa, niletee ngozi."

"Na akizaa?" Rogathe aliuliza.

"Akizaa tutagawana."

Tulicheka wote watatu. Mkewe Rogathe akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando, maana sisi ni Wasabato na hatufungi makubaliano kwa pombe, tukanywa, mambo yakawa yamekwisha. Landrova ikavutwa hadi uani kwa Zefania, ikavuliwa bodi na injini, na chesisi tupu ikaja Same juu ya lori la mbao, ikalazwa uani kwa Rogathe.

Jumapili za mwanzo zilikuwa nzuri. Zefania aliteremka alfajiri, akavaa miwani ya kuchomelea, akakata fito ya kwanza. Ilitoka safi kama kipande cha muwa. Mchomeleaji wa jirani akamfungia mpya. Ikabaki fito moja, ya nyuma, ile nene.

Lakini pamoja na ruksa walikuja wezi, na pamoja na wezi ikaja biashara ya nondo za madirisha. Kila aliyejenga Same alitaka nyumba iliyofungwa kama mahabusu. Rogathe aliona soko. Akaajiri vijana wawili, akawaweka uani, na grenda ya Zefania ikaanza kukata nondo tangu jua linachomoza hadi watu wanakula cha jioni. Jumapili Zefania akifika, anakuta wateja.

"Subiri kidogo, binamu. Huyu ana harusi, anataka geti."

Alisubiri. Jumapili iliyofuata alisubiri tena. Ya tatu nilikuwa naye, na nilimwona akiishika mashine na kuiachia haraka.

"Binamu, imechemka hata haishikiki. Umebadilisha kaboni?"

"Kaboni gani?"

"Nilizokuachia kwenye kopo."

"Zile? Nilidhani ni betri mbovu."

"Rogathe, unaiua."

"Si ulisema maziwa ni yangu? Nakamua."

"Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni. Wewe unakamua na mchana."

"Umemsifu mwenyewe kwamba hachoki. Ungeniletea yule mwepesi wa rangi ya chungwa, ningemhurumia."

Vijana wa nondo waliangua kicheko, mmoja akakaa chini. Zefania alinitazama mimi. Sikuweza kumtetea, kwa kuwa kwa desturi Rogathe alikuwa sahihi: hakuna mwenye ng'ombe anayempangia mfugaji kiasi cha maziwa. Babu zetu hawakuweka kanuni hiyo kwa sababu ng'ombe mwenyewe huiweka. Akikamuliwa kupita kiasi hukauka, akinyimwa majani hulala, na mfugaji hupoteza maziwa yake. Chuma hakikauki. Kinakupa yote hadi siku ya kufa.

Siku hiyo ilikuja katikati ya juma, Zefania hayupo. Alipofika Jumapili hakukuta mashine. Vijana walikuwa wanakata nondo kwa grenda ya rangi ya chungwa.

"Yangu iko wapi?"

"Ilitoa moshi, ikazima," Rogathe alisema. "Pole sana. Nimenunua nyingine."

"Niletee ngozi."

"Nini?"

"Mashine imekufa. Sipingi. Niletee ngozi yake niione."

Rogathe alikuna kichwa. Koili ya ndani ilikuwa ya shaba, na shaba ilikuwa na wanunuzi. Alikwisha kuiuza, na bati la nje limekwenda nayo.

"Binamu, nikuchunie bati? Ile ni mashine. Watu wanasema Mpare atauza ng'ombe afungue kesi ya kuku. Wewe umeuza fahali unataka kesi ya moshi."

"Kama hakuna ngozi, nalipwa mzima."

"Chukua hii ya chungwa ukate kipande chako, dakika chache tu, tumalize. Nakukopesha bure."

Hapa ndipo watu wa leo wanaposhindwa kumwelewa, na ndipo mimi ninapomheshimu. Kipande kilichobaki kilikuwa kimoja. Mavuno yalikuwa yanakaribia. Angekubali, landrova ingesimama. Zefania alikataa. Na tulipokuwa njiani kurudi, nilipomtajia kwamba gereji nyingine mjini zinakodisha mashine, alikataa hilo pia.

"Nikishika mashine ya Rogathe nimekubali kwamba hana deni. Nikikodi kwa mwingine, ni hivyohivyo. Mtu anayedai ngozi hanywi maziwa ya kwingine huku shauri liko njiani."

Nilimwambia ana haki. Bado nasema alikuwa na haki.

Shauri lilipelekwa kwa wazee wa ukoo wa mama yake. Walikutana sebuleni kwa Rogathe, wamekaa kwenye makochi mapya ya Rogathe, wamepewa soda za Rogathe. Nilitoa ushahidi wangu neno kwa neno, hadi lile la kuzaa na kugawana. Mkubwa wao, Tumainieli, ambaye mwenyewe alikuwa na ng'ombe sita wa watu zizini mwake, alifuta mdomo akasema:

"Desturi ni ya kitu chenye damu. Ukiwekesha kitu cha dukani, tumia sheria za dukani. Ulikuwa na risiti? Ulimwandikisha?"

"Ningemwandikisha mtoto wa mjomba wangu?" Zefania aliuliza.

"Siku hizi ndivyo ilivyo, mwanangu."

Wakamshauri Rogathe ampe ndugu yake kitu cha kumfuta machozi. Rogathe akatoa jogoo. Zefania alimwacha jogoo amefungwa miguu mlangoni, akatafuta lori la kumrudishia chesisi yake.

Majuma yaliyobaki alikata kwa msumeno. Mkono wa kulia ulikataa, wa kushoto haukujua. Basi Ernesta alikaa upande wa pili wa chesisi, akashika ncha nyingine ya fremu ya msumeno, wakawa wanavutana kama wapasua mbao, mume akivuta, mke akirudisha. Nilipita nikawakuta, nywele za Ernesta zimejaa unga wa chuma.

"Katibu, shikamoo," alisema bila kusimama. "Fahali wangu angekuwapo angekwisha kukata hii kwa meno."

Misumeno ya dukani nayo ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ya rangi nzuri, na meno yake yalilala kwenye chuma kama ya nta. Zefania, ambaye sikuwahi kumwona akivunja msumeno, alivunja yote aliyoweza kununua. Walifika nusu ya fito.

Mahindi yakavunwa. Gregori akaitisha mkutano, na sharti lilikuwa sharti. Nilisimama nikaomba muda hadi vuli. Mtu mmoja nyuma akasema, "Katibu wa nini sasa?" Hakuna aliyemkemea. Walipiga kura kwa mikono, na mikono mingi ilikuwa ya watu ambao nilisaini kadi zao za uanachama.

Wanunuzi wa vyuma walikuja na pikapu, na ndani ya pikapu jenereta dogo na grenda. Umeme ambao Kisiwani tuliusubiri kwa miaka, wao waliuteremsha kwa mikono miwili wakauweka uani kwa Zefania. Mkataji alikuwa anaishika mashine vibaya, ameitoa kinga. Zefania alisimama kando, kisha hakuweza kuvumilia.

"Rudisha kinga," alimwambia. "Diski ikipasuka inakuja usoni. Na usisukume. Acha uzito wake ukate."

Mkataji alimtazama, akarudisha kinga. Fito ile ya nyuma, iliyobaki nusu, ilikatika kabla Ernesta hajamaliza kuteka ndoo ya maji. Kabla ya adhuhuri landrova yote ilikuwa vipande. Zefania aliwaomba kitu kimoja, wakampa kwa kuwa hakikuwa na uzito wa kutosha kuwatajirisha.

Jioni alikuja kwangu amekibeba mgongoni. Ulikuwa mlango wa upande wa dereva, wenye jina la chama chetu, herufi zimepauka lakini zinasomeka. Akauegemeza ukutani.

"Shikamoo Katibu."

"Marahaba, Zefania."

"Mliniwekesha ng'ombe. Amefia mkononi mwangu. Ngozi yake hii hapa."

Nilimwambia nimeipokea. Nilisema hivyo kwa sauti, kama inavyotakiwa, ingawa wanachama niliokuwa nawapokelea walikuwa mnadani wakinunua mitumba kwa fedha iliyotokana na landrova. Tukakaa. Hatukuwa na maziwa, mke wangu akatupa uji.

Rogathe ana duka la vifaa vya ujenzi siku hizi, lenye ghorofa. Zefania anatengeneza baiskeli na majembe ya kukokotwa, na umeme ulipofika Kisiwani hakuuingiza uani. Mlango niliufanya wa zizi la mbuzi. Wanunuzi wa vyuma wakipita huuliza bei, nawaambia ngozi haiuzwi, nao huangaliana. Bawaba zake hulegea kwa sababu mbuzi wanapenda kujikuna pale penye jina. Zefania akija kunisalimu huziona, huchomoa spana mfukoni, huzikaza kwa mkono wa kushoto, bila kuambiwa.